Tope Lile Ningepita Katikati

Mtu aliyejifunzia pikipiki Kibosho mwezi wa nne, mvua ikiwa siku ya kumi na udongo umegeuka sabuni, hujiona amemaliza shule zote. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kabla sijaondoka Tanzania nilishapakia abiria wawili nyuma na mkungu wa ndizi juu ya tenki, nikapanda hadi Umbwe bila kuweka mguu chini. Kwa hiyo nilipokuwa Denver, mwaka wa tatu wa kufanya kazi ghalani usiku na kulala mchana, jamaa mmoja wa Eldoret tunayeshinda naye zamu akaniambia kuna msitu, saa moja tu kutoka mjini, watu wanakwenda kuendesha pikipiki kwa raha zao. Sikumuuliza wanaendeshaje. Nilimuuliza kiingilio ni kiasi gani.

"Bure, bro. Unanunua stika tu."

Stika yenyewe ni ya jimbo la Colorado, dola 25 na senti 25 kwa mwaka, unaibandika kwenye pikipiki panapoonekana. Nikainunua. Pikipiki nikaipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji: Honda CRF230F nyekundu, imechubuka pembeni kama goti la mtoto wa shule, na ekzosi inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mwenyewe aliniambia ameitoboa kidogo ndani ili "ipumue". Nikafurahi. Nilidhani sauti ndiyo nguvu.

Mahali penyewe panaitwa Rampart Range, ndani ya msitu wa taifa wa Pike, juu kidogo ya kijiji cha Sedalia. Ukitoka Denver unaona milima kama ukuta, halafu barabara inaingia kwenye ufa wa ukuta huo na ghafla uko kwenye misonobari mirefu, kila mti na nafasi yake. Hakuna ule msongamano wa msitu wetu wa Kilimanjaro, wenye ndevu za ukungu na kuvu kila mahali. Huku jua linapenya hadi chini. Na chini si udongo niliouzoea. Ni mwamba wa rangi ya waridi uliooza ukawa changarawe ndogo ndogo, unalia chini ya buti kama sukari iliyomwagika sakafuni. Niliuona mzuri. Hautelezi wala haushiki kwenye tairi. Nikasema hapa hata bibi yangu anaendesha.

Lazima nieleze kidogo, maana kwetu maneno haya yanachanganywa. Msitu wa taifa wa Marekani si hifadhi ya taifa. Hifadhi kama Yellowstone inalindwa ibaki ilivyo. Msitu wa taifa uko chini ya Idara ya Misitu, iliyoanza mwaka 1905, na kazi zake ni nyingi kwa pamoja: mbao, malisho ya ng'ombe, uwindaji, vyanzo vya maji, na starehe za watu. Unaweza kukuta kwenye kilima kimoja mtu anavua samaki, mwingine amepiga hema, wengine wako juu ya farasi, halafu na sisi wenye makelele. Pale penye maegesho hapakuwa na geti wala askari wa kuuliza unakwenda wapi. Kwa mtu aliyezoea kukuta kizuizi kila anapokaribia msitu, ule uwazi unalevya.

Siku ya kwanza nilikaribia kugombana. Tunashuka kwenye kijia chembamba, mzungu mmoja mzee anapanda kwa mbele, anatunyanyulia vidole viwili. Nikamwacha apite. Nyuma yake mwingine, kidole kimoja. Wa mwisho akaja, akatupita amekunja ngumi, ameiinua juu usawa wa helmeti. Damu ikanichemka. Nikamwambia mwenzangu huyu katutishia. Jamaa akacheka hadi akazima pikipiki. Vidole ni idadi ya wanaofuata nyuma. Ngumi maana yake "mimi ni wa mwisho, njia nyeupe". Hilo lilikuwa la kwanza kujifunza, na pengine ningejiuliza palepale kama nisichokijua ni ngumi peke yake. Sikujiuliza.

Ilikuwa mwezi wa sita. Colorado kiangazi chao kina mvua za radi za alasiri, fupi lakini za hasira. Tulikuta kwenye bonde dogo dimbwi la tope katikati ya njia, kama mita nne urefu. Nilikuwa na buti mpya. Kushoto kulikuwa na majani mafupi, na juu yake alama hafifu ya mtu mmoja au wawili waliokwisha kukwepa. Nikafuata ile alama. Mwenzangu akanifuata. Mbele kidogo njia ilikata kona ndefu kuzunguka kilima, na mimi nikaona juu pale njia inaonekana, umbali wa mita thelathini, sasa kuzunguka kote huku ni kwa nini? Nikaweka gia ya kwanza, nikasimama kwenye vikanyagio, nikapanda wima. Tairi la nyuma lilirusha changarawe vizuri sana. Nilipofika juu nikapiga kelele za ushindi.

Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kibosho huna haja ya kufuata barabara. Unakata kihambani kwa mtu, yaani kwenye shamba lake la nyumbani, unapiga hodi ukiwa unatembea, unatokea upande wa pili. Ukikanyaga majani leo, wiki ijayo yamerudi. Mvua inafuta dhambi zote. Mimi nilikuwa nimebeba akili hiyo hiyo hadi kwenye mlima ambao mvua yake haifuti kitu, inachimba.

Nikaongeza ajira ya pili, pikipiki ikalala. Nikarudi mwezi wa tisa. Dimbwi halikuwa dimbwi tena. Lilikuwa limepanuka likawa uwanja, njia ya upana wa futi mbili imekuwa pana kama barabara ya lori, na majani ya kushoto hayapo. Kila aliyekuja alikuta pembeni pamelowa, naye akakwepa ukwepo wa mwenzake. Lakini hilo halikuniumiza kama kona. Pale nilipopandia wima palikuwa na mfereji. Nilisimama ndani yake, ukanifika katikati ya muundi. Ulianza juu kabisa, mahali nilipopigia kelele, ukashuka moja kwa moja hadi chini, na changarawe yote iliyotoka humo ilikuwa imemwagika kwenye kijito. Tairi yangu ndiyo iliyochora mstari wa kwanza. Wengine waliona mstari, wakadhani ni njia. Maji nayo yalidhani hivyo hivyo.

Juu walikuwa wameweka uzio wa magogo na kibao: njia imefungwa. Na si ule mkato wangu peke yake. Kipande chote cha njia halali, kutoka bondeni hadi kileleni, kilikuwa kimefungwa hadi kitakapotengenezwa.

Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Nilikuwa nawaza nusu maili.

Asiyetoka Kilimanjaro huenda hajui. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu kuzunguka mlima, upana wa nusu maili, uwe wa wananchi wa vijiji vya juu: kuni, majani ya ng'ombe, miti ya kujengea. Sisi tumekua tukiuita hivyo, "nusu maili", kama jina la mtaa. Bibi yangu alikuwa anapanda huko na mundu na kamba, anashuka na mzigo wa majani mkubwa kuliko yeye, unaona miguu tu inatembea. Kulikuwa na siku zake na masharti yake. Kuni ni zilizokauka na kuanguka. Shoka halipandi. Na kila mara ikitokea watu wa usiku wamepanda na misumeno, wameangusha mti wenye umri wa mababu, kesho yake anayefungiwa si wao. Ni bibi na mundu wake. Wale wa misumeno hawakuwa na haja ya ruhusa. Waliingia bila ruhusa na wakaendelea kuingia bila ruhusa. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu, nusu maili ikiwemo. Nilikuwa kijana wakati huo, na nilikuwa na maneno makali sana kuhusu watu wanaoharibu halafu wengine wanalipa.

Sasa nikawa nimekaa juu ya jiwe, Colorado, na mwenye msumeno ni mimi.

Baadaye nilisoma jinsi wenzetu walivyofika hapa. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa agizo kwamba kila mamlaka ya ardhi ya umma ipange wapi magari ya porini yanaruhusiwa na wapi hayaruhusiwi. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza meno: mahali panapoonekana kuharibika vibaya pafungwe mara moja. Hata hivyo kwa miaka mingi sehemu kubwa za misitu hiyo ziliendelea kuwa wazi. Pasipo na kibao cha kukataza, pita. Mwaka 2003 mkuu wa Idara ya Misitu, Dale Bosworth, alitaja mambo manne yanayotishia misitu yao, na mojawapo, pamoja na moto, mimea vamizi na kupotea kwa ardhi ya wazi, lilikuwa starehe zisizo na utaratibu. Alikuwa anatusema sisi, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2005 ikaja kanuni iliyopindua meza. Msitu ukishatoa ramani yake, njia ambayo haimo kwenye ramani hiyo imefungwa, iwe na kibao au isiwe nacho.

Ramani hiyo ni mbaya kwa sura. Nyeusi na nyeupe, mistari ya vitone na vistari, namba ndogo, kama mchoro wa fundi umeme. Lakini ndiyo sheria. Inakuambia kijia hiki ni cha pikipiki za magurudumu mawili tu, hiki kinapokea chombo chenye upana usiozidi inchi 50, kile kinafunguliwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Inatolewa bure, na ukiipakua kwenye simu inakuonyesha uliposimama hata mtandao ukikata. Mimi niliendesha bila kuifungua hata mara moja. Kusema "sikuona kibao" hakukusaidii, kwa sababu vibao vinang'olewa, vinapigwa risasi na wahuni, vinaangukiwa na miti. Anayepaswa kujua alipo ni mwenye pikipiki.

Kwenye kile kibao cha kufungwa kulikuwa na tangazo dogo: Jumamosi fulani watu wanakutana kutengeneza njia. Nikaenda. Sikwenda kwa uungwana, nilikwenda kwa aibu, na nilipanga kukaa nyuma kimya.

Hata kabla hatujaanza, mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, alisikia pikipiki yangu inaingia maegeshoni akanyanyua kichwa kama mbwa aliyesikia mwizi. Akanijia na kipimo cha sauti. Unakishika nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, kwa pembe, injini iko kwenye mizunguko maalumu. Kwa pikipiki zilizotengenezwa kuanzia 1998, Colorado inaruhusu desibeli 96. Yangu ilisoma 99. Tatu tu, nikamwambia. Akasema desibeli hazihesabiwi kama machungwa. Tatu ni kama umeleta pikipiki ya pili inayolia vilevile ukaiegesha kando yake. Halafu akapiga magoti, akachungulia ndani na tochi. "Wavu wako uko wapi?"

Alikuwa anauliza wavu wa kuzuia cheche. Yule aliyeniuzia aliutoa ili "ipumue". Mzee hakunigombeza. Alinyoosha mkono kusini magharibi akaniuliza kama nimesikia moto wa Hayman. Mwezi wa sita mwaka 2002 moto huo uliteketeza ekari 138,000 ndani ya msitu huu huu na kuzunguka, nyumba zaidi ya mia moja zikaenda nazo. Haukuanzishwa na pikipiki, uliwashwa na mkono wa mtu. "Lakini sasa unajua misonobari hii inawakaje," akasema. Na moto ulipopita mvua ikaja, ile changarawe isiyo na majani ya kuishika ikateremka mitoni hadi kwenye mabwawa ya maji ya Denver. Watu wa maji walitumia mamilioni ya dola kutoa mchanga. Nikawaza: maji ninayokunywa ghalani saa tisa usiku yanatoka huku. Na mimi nilishayaongezea changarawe yangu.

Kuhusu sauti aliniambia jambo ambalo silisahau. Mtu akikuona unaendesha vizuri, unamsalimia, unampisha, atakusamehe mengi. Lakini wengi hawakuoni. Wako kilomita tatu huko, wamekaa barazani kwao au wanatembea na watoto, wanakusikia tu. Siku ya mkutano wa kujadili njia zipi zifungwe, hao ndio wanaojaza ukumbi. (Nilirudisha ekzosi ya asili wiki hiyo hiyo, na wavu mpya ndani yake. Nguvu haikupungua hata kidogo, nilidanganywa tu.)

Kazi ikaanza. Tuligawiwa zana: Pulaski, ambayo upande mmoja ni shoka na upande mwingine ni jembe, na reki pana yenye meno mazito. Kiongozi akaeleza namna ya kuzuia maji yasifuate njia: unachimba mshuko mdogo, unainua tuta kwa mshazari, unayapa maji mlango wa kutokea pembeni kabla hayajapata kasi. Alikuwa anaeleza polepole kama mtu anayefundisha jambo gumu. Mimi nikawa nacheka moyoni. Hili ni jambo la mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia! Wachaga wameongoza maji kwenye mifongo tangu mababu, kutoka mabonde ya juu hadi kwenye kihamba cha mwisho. Mtoto wa Kibosho anajua kwa miguu kwamba maji hayalazimishwi. Unayaonyesha mlango mapema nayo yenyewe yanapita. Tuta lao la kwanza lilikuwa wima mno kwa mteremko, lingeziba kwa changarawe mvua mbili tu. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwamba liinamishwe zaidi na mlango upanuliwe. Wakaninyamazia kidogo. Kisha fundi bomba akasema, "Mpe jembe."

Sikukaa nyuma tena siku ile. Ilikuwa msaragambo kabisa, kazi ya pamoja kama ya kijijini, ila badala ya pombe ya mbege jioni tulipewa soda na soseji.

Tulijaza mfereji wangu. Sikuwaambia ni wangu. Tulibeba mawe, tukalaza magogo yaliyokwisha kuanguka, tukavuta matawi juu yake ili ionekane kama haijawahi kuwa njia, maana macho ya mwendeshaji yakiona mstari mkono unafuata. Tukatupa mbegu za majani ya hapohapo. Mama mmoja anayesomea wadudu alitueleza kwa nini yasiwe majani ya dukani: kwenye bonde la South Platte, hapo jirani, kuna kipepeo mdogo wa rangi ya kahawia ambaye hapatikani kwingine duniani, yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1987, na viwavi wake wanakula aina moja tu ya majani mafupi. Nikauliza majani hayo yanachukua muda gani kurudi. Akanitazama kama niliyeuliza mtoto atakuwa lini mzee.

Tangu hapo ninaendesha tofauti, na jamaa wa Eldoret ananiita mchungaji. Dimbwi nikilikuta, ninashuka, ninachomeka fimbo. Kama chini ni pagumu, ninapita katikati, polepole, gia ya pili, mkono hauzidishi mafuta. Buti zinaoshwa. Kama njia nzima imelainika, tairi inaacha mfuo hata pasipo na dimbwi, ninageuza, na hiyo inauma zaidi kuliko tope, kwa sababu umeendesha saa nzima na umelipa mafuta. Nikikutana na farasi ninazima injini, ninashuka upande wa chini wa mteremko, ninavua helmeti na kumsalimia mpanda farasi kwa sauti. Farasi hajui kwamba kile kichwa cha plastiki ni mtu hadi akisikie kinaongea. Jamaa alidhani ni ushirikina mpaka alipoona farasi aliyekuwa anarudi kinyumenyume ananusa bega langu.

Kuna jambo moja bado sikubaliani nalo. Wapo wenzangu wa porini wanaosema tatizo ni wachache tu, wahuni wachache. Nilikuwa nasema hivyo hivyo kuhusu nusu maili. Lakini siku ile ya mwezi wa sita mimi sikuwa mhuni. Nilikuwa na stika, na helmeti, nimepisha watu njiani, nimekwepa tope kwa sababu ya buti mpya.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja kusoma hapa, nikampeleka Rampart. Kijana wa Moshi mjini, pikipiki anaijua kwa TikTok. Kile kipande kilishafunguliwa. Tukafika bondeni, dimbwi liko palepale, akaanza kukata usukani kushoto. Nikapiga mluzi. Akaingia katikati kwa hofu, akashika breki ya mbele, akaanguka na pikipiki. Alitoka kahawia hadi kiunoni, miwani imejaa, analaumu kwa Kichaga ambacho hakijui vizuri.

Juu kileleni tulipumzika karibu na uzio wa magogo. Nyuma yake matawi tuliyoyalaza yamekuwa ya kijivu, na majani yamefika urefu wa kiganja, machache, yametawanyika kama nywele za mzee. Miaka mitatu. Kijana akachungulia, akauliza kwa nini pamezungushiwa na hapaonekani kitu.

"Kuna mtu alipita hapa," nikamwambia.

"Mmoja tu, mjomba?"

"Wa kwanza alikuwa mmoja."

Akatikisa kichwa. "Mshamba kweli. Walimkamata?"

Nikamwambia avae helmeti tuondoke, jua linashuka.